Malezi ya Kujitegemea Huanzia Uani

Utamaduni wa Taifa unapotajwa mikutanoni na vitabuni, fikra za wengi hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago, mashairi na vyakula vya asili. Hayo ni mambo ya fahari, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima yake. Lakini twadai, tena bila ya kuona haya, kwamba ufagio wa chelewa uliosimamishwa pembeni mwa uwanja nao ni utamaduni. Na mtungi ulio kivulini nyuma ya mlango, na kinu, na ungo, na mbuzi ya kukunia nazi. Twadai pia kwamba utamaduni huu wa uani unapotea kwa haraka kuliko ngoma. Ngoma imepata vikundi vya kuitunza, imepata majukwaa na wageni wa kuipigia makofi. Nani atampigia makofi mtoto aliyeosha masufuria? Tusemapo unapotea hatuna maana kwamba nyumba zimekosa mafagio. Mafagio yapo. Kilichoondoka ni mkono wa mtoto.

Na tuanze kwa kisa. Siku moja ya sikukuu tulifika Dar es Salaam kumtembelea jamaa yetu, mtu wa heshima zake, mwenye nyumba ya vyumba vingi. Yeye na mkewe walikuwa wametoka tangu alfajiri kwenda kumwuguza mgonjwa, na msichana wao wa kazi alikuwa amekwenda kwao kwa sikukuu. Tulimkuta mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka 14, ameketi sebuleni, hajala kitu tangu asubuhi. Unga ulikuwamo kabatini, mayai yalikuwamo, gesi ilikuwamo, na maji yalikuwa yakitoka bombani. Alituamkia vizuri, akatukaribisha, akatupa viti. Tulipomwuliza mbona hakujipikia chochote, akajibu kwa adabu kamili: “Dada hayupo, mjomba.”

Jibu lile halikuwa na kiburi hata chembe, na hilo ndilo lililotutia hofu. Mtoto huyu aliliona jambo la chakula kama watu waonavyo mvua, kwamba huja au haiji, na binadamu hana la kufanya. Baba yake aliporejea jioni alicheka sana, akatuambia kwa fahari kwamba kijana huyo ni wa kwanza katika darasa lake kwa hisabati.

Huyo baba si mjinga, wala si mvivu. Alizaliwa kijijini, akachota maji, akachunga, akatembea kwa miguu kwenda shule. Ndipo hasa lilipozaliwa kosa lake, maana aliapa kwamba mwanawe hatapata taabu aliyoipata yeye. Kiapo hicho wamekiapa wazazi wengi wa mijini, nasi hatuwacheki kwa mapenzi yao. Tunawashutumu kwa kuchanganya mambo mawili. Kuchota maji kutoka bonde la mbali kwa tumbo tupu ni taabu, na mzazi mwenye uwezo ana haki ya kumwepusha mwanawe nayo. Lakini kujua ndani ya nyumba yenu zimebaki ndoo ngapi za maji, na nani atazijaza zikiisha, hiyo si taabu hata kidogo. Hiyo ni akili ya kuishi. Baba amemwepusha mwanawe na taabu, akamnyima na akili hiyo.

Watu hutwambia, “Mtoto asome kwanza.” Neno hili limekuwa kama aya isiyopingwa. Mtoto asifue, asome. Asitandike, asome. Sahani aliyolia aiache mezani, akasome. Sisi twauliza: dakika ishirini za kuosha vyombo zimemzuia nani kufaulu? Kama muda ndio wasiwasi wa wazazi hawa, mbona hawahesabu saa anazozimaliza mtoto mbele ya televisheni na simu?

Ukweli ni kwamba muda ni kisingizio. Chini yake imelala dharau, na dharau hiyo ina historia yake. Siku za ukoloni, mtu mzima mwenye mke na watoto aliyefanya kazi katika nyumba ya Mzungu aliitwa boi. Mtoto wa bwana, ambaye bado hajaweza kujifunga kamba za viatu, alimwita boi. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, wenzetu waliopanda vyeo waliingia katika nyumba za serikali, na nyuma ya nyumba zile, kama zile za Oysterbay, walikuta kibanda kilichojengwa kwa ajili ya boi. Walilifuta jina, wakabaki na kibanda. Na kibanda kikidumu, huwa kinatafuta mtu wa kukaa ndani yake. Wala tusiwasukumie wakoloni lawama zote. Katika mwambao wetu, kabla yao, nyumba za matajiri ziliendeshwa na watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Basi kazi ya nyumbani imebeba kwetu harufu mbili mbaya, ya mtumwa na ya boi, na mtu aliyepata nafasi kidogo ya kuinuka hujitahidi kwanza kuthibitisha kwamba yeye na wanawe hawanuki hivyo.

Lakini waliokuwa wengi katika nchi hii hawakuwa na mtumwa wala boi. Walikuwa na watoto, na watoto wao walipewa kazi kwa utaratibu ambao twaona umefikiriwa sana. Mtoto wa Kimaasai hakukabidhiwa ng'ombe siku ya kwanza. Alianza na wana-mbuzi, wana-kondoo na ndama karibu na boma, mahali ambapo mama yake aliweza kumwona; umbali uliongezeka kadiri alivyoongezeka akili. Uchagani, ambako ng'ombe hufungwa zizini, kulikuwa na majani ya kukata kila siku, na mtoto alijua kwamba ng'ombe hangojei mtu amalize kucheza. Pemba, msimu wa karafuu ukifika, jamaa wote hukaa jioni kuchambua karafuu na makonyo, na vidole vya watoto hufanya kazi hiyo kwa wepesi kuliko vya wazee huku hadithi zikiendelea.

Tuchukue nazi peke yake. Mtoto wa miaka saba au minane aliyekalishwa juu ya mbuzi alianza kwa kufundishwa kuvunja nazi bila kumwaga maji yake. Kisha alionywa asikune mpaka akafika kwenye kifuu, maana tui litakuwa jeusi na nyumba nzima itajua ni mkono wa nani. Alikamua kwa kifumbu, akaliweka kando tui zito, akaongeza maji, akakamua tui jepesi. Akauliza, kama watoto wote waulizavyo, kwa nini lililo jepesi litangulie chunguni na lililo zuri lingoje. Hakuhubiriwa. Siku moja aliachwa atangulize tui zito juu ya moto mkali, likakatika mbele ya macho yake, mchuzi ukaliwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo alijua kwamba kila jambo lina zamu yake, na alilijua kwa ulimi wake mwenyewe. Halafu kulikuwa na kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja. Na mtoto aliyepima mchele wa watu sita, akaambiwa kwamba wageni wawili wamebisha hodi, alikwisha kuingia katika hisabati kabla hajaona ubao. Yule kijana wa sebuleni, bingwa wa hisabati, hakuweza kukadiria unga wa tumbo lake mwenyewe.

Hapa yatupasa tuseme jambo ambalo wasifiaji wa mambo ya kale hulisahau. Wingi wa kazi haukuwa ndio uliomfundisha mtoto kujitegemea. Mtumwa naye alifanya kazi nyingi. Tofauti ilikuwa katika kukabidhiwa. Mtoto aliambiwa: mtungi huu ni wako. Tangu hapo hakuna aliyemkumbusha. Mtungi ukikauka, baba akitaka maji ya kunawa asiyapate, macho ya wote yaligeuka upande mmoja, na hapakuwa na haja ya kiboko. Akiwa na homa, yeye mwenyewe alimtafuta nduguye wa kumshikia zamu. Alikuwa na sehemu yake ndogo ya nyumba, akaitawala.

Katika nyumba nyingi za leo zinazojigamba kwamba watoto wao “wanafanya kazi,” mtoto hutumwa tu, hakabidhiwi kitu. Lete maji. Toa sahani. Nenda dukani. Fungua mlango. Zima taa. Huenda akatumwa mara thelathini kwa siku moja, na usiku akalala bila ya kuwa na jambo hata moja lililokuwa lake. Mtoto wa namna hii hujifunza utii, na mara nyingine hujifunza kujificha, lakini kujitegemea hajifunzi kamwe, kwa sababu akili yote ya kazi imebaki kichwani mwa mzazi na yeye ameazimwa miguu tu. Atakapokuwa mtu mzima, ofisini, atakaa mbele ya meza yake akingoja kutumwa. Je, hatuwajui watu hao? Tumekutana nao katika madirisha mengi, wakituambia kwamba mkubwa hayupo.

Kukabidhi kuna gharama, na wazazi huikimbia. Mtoto aliyekabidhiwa kupika ugali wa Jumamosi atapika ugali wenye madonge, na labda mbichi katikati. Baba mwenye busara hula, hunywa maji, akanyamaza. Baba asiye na subira hupiga kelele, na mama humnyang'anya mtoto mwiko akisema, “Ondoka, utatuharibia.” Mwiko ule ukinyang'anywa mara mbili, mara ya tatu mtoto hatauomba. Mwaka mmoja baadaye mama huyo huyo huwalalamikia majirani kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu.

Sasa tulifikie jambo zito zaidi, ambalo hatutaki lipite kwa upole. Neno “dada” katika Kiswahili lina heshima na mapenzi. Dada ni yule aliyekubeba mgongoni kwa mbeleko mama alipokuwa shambani. Mijini tumelichukua neno hili tukamvisha msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi ambazo watoto wetu wamekatazwa kuzifanya. Baba humwita dada, mama humwita dada, na mtoto wa miaka minne humwita dada akimwamuru amvalishe soksi. Mara nyingi dada huyo ni mtoto naye. Huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Hula baada ya wengine. Na shule ameiacha. Chini ya paa moja basi kuna watoto wawili. Mmoja amepewa masomo akanyimwa kazi, na mwingine amepewa kazi akanyimwa masomo. Kisha twasimama majukwaani kuhutubia habari za usawa.

Tena tusidhani kwamba huyu wa pili, kwa kuwa anapika na kufua, amefundishwa kujitegemea. Unga anapimiwa, sabuni anapimiwa, na hata mshahara wake pengine hutumwa kwa mtu mwingine. Naye hutumwa tu, kama yule mwingine asivyotumwa kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, na hata hapo kwa kazi nyepesi isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Wanaoivunja sheria hii hawakai mafichoni. Wamo miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki, na huenda wamo miongoni mwa waandishi wake.

Wako watakaotugeuzia sheria hiyo hiyo wakasema kwamba kumpa mtoto kazi ni kumtesa. Na waisome mpaka mwisho. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa mwaka 1990, unamkinga mtoto na unyonyaji. Na katika kifungu chake cha 31 unasema wazi kwamba mtoto ana wajibu kwa jamaa yake na kwa jamii, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria yetu ya mwaka 2009 nayo ina kifungu kinachohusu wajibu wa mtoto. Waafrika waliotunga maneno hayo hawakuwa wakatili. Walijua kwamba mtoto asiyehitajiwa na nyumba yao kwa jambo lolote huwa kama mgeni ndani yake. Na hata mgeni, wahenga walisema, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu amekaa miaka 14, jembe hajaonyeshwa.

Na shule je? Mwalimu Nyerere alipotoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliishutumu elimu iliyowafanya vijana waidharau kazi ya mikono na kujiona wametengwa na wazee wao wakulima. Fikra hiyo ilikuwa sahihi na hatujaona aliyeibatilisha. Lakini tuseme kweli juu ya utekelezaji wake. Katika shule nyingi kazi iligeuzwa kuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa uwanja afagie. Aliyepiga kelele alichota maji. Aliyeshindwa hesabu alipelekwa shambani akalime, wakati aliyezipata alibaki kivulini. Hata mwalimu mwenye nia njema alifanya hivyo bila ya kufikiri. Miaka saba ya namna hiyo yatosha kumfundisha mtoto kwamba jembe na ufagio ni vya wakosaji. Tulipanda dharau kwa mikono yetu katika shamba lile lile tulilolilima ili kuing'oa.

Siku za karibuni yamekuja mabweni ya watoto wadogo. Mtoto wa miaka sita alipelekwa mbali na nyumbani, akafuliwa, akapikiwa, akatandikiwa, na wazazi wakaambiwa kwamba hayo ndiyo malezi ya kisasa. Mwaka 2023 Serikali ilitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sisi tuliupokea kwa furaha. Hata hivyo, waraka waweza kumrudisha mtoto nyumbani. Hauwezi kumpa ndoo. Na mwisho wa safari hii twauona katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1963, na mafunzo yake kwa lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita, yaliyokuwa yamesimamishwa mwaka 1994, yalirudishwa mwaka 2013. Mzazi husikika akisema kwa faraja kwamba kambini mtoto “atanyooka,” yaani atajifunza kufua nguo zake na kuamka mwenyewe. Twaona ni ajabu Taifa kuhitaji jeshi kwa kazi ambayo mtungi ungeifanya.

Limebaki suala la watoto wa kiume, nasi hatuliweki mwisho kwa kulidharau. Kila tunapoyasema haya, wako wanaotuitikia kwa nguvu, kisha wakarudi nyumbani kuwaongezea mabinti kazi. La hasha! Binti wa nchi hii amefanya kazi za kutosha. Yeye huchota maji huku kaka yake akijifunza somo; yeye huosha sahani aliyolia kaka yake, na matokeo ya mtihani yakitoka akalaumiwa kwa uzito wa akili. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wa mawaidha katika mwaka 1858 alimwachia urithi mkubwa, nasi twajiuliza ni nani aliyewahi kumtungia mwana wa kiume utenzi juu ya jiko. Wanaodai kwamba mila zetu zinamkataza mwanamume kupika na waende kwenye harusi au maulidi katika mwambao, waangalie ni nani wanaosimama juu ya masufuria makubwa ya pilau wakipika kwa ajili ya mamia ya watu. Ni wanaume, wenye vikoi viunoni, na watu huwasifu. Jiko la heshima ni lao, jiko la kila siku ni la mama. Hiyo haiwi mila, ni kuchagua.

Twataka basi kila mtoto, wa kike na wa kiume, akabidhiwe kitu kimoja kabla hajatimiza miaka saba, na kadiri miaka inavyoongezeka kiongezeke. Kiwe kidogo. Kuku wawili, au taa, au viatu vya nyumba nzima, au maji ya kunywa. Kiwe chake kweli, hata siku atakayokosea. Walimu nao waache kumwadhibu mtoto kwa ufagio. Kama uwanja ni wa kufagiwa, waufagie wote kwa zamu, na aliye wa kwanza kwa hisabati aanze. Na anayemweka mtoto wa mwenziwe uani mwake amrudishe shuleni, au asimwite dada.

Maneno haya tulimweleza jamaa yetu yule, jioni ile ile, baada ya sisi na kijana kukaanga mayai, na kijana akaunguza mawili. Alitusikiliza vizuri. Akasema tunasema kweli, na kwamba ataanza kumfundisha mtoto kazi mara mtihani wa mwaka ule utakapopita. Mtihani ulipita, kijana akafaulu vizuri sana. Tulipoonana tena baba yake alitwambia kwamba sasa wanangojea ule wa kidato cha nne, na kwamba dada amerudi kutoka kwao.